Umeugua Uswidi? Serikali humchangia bosi wako nusu ya gharama za kukurudisha kazini

Ukihudumia wazee, ukisafisha ofisi au ukibeba mizigo ghalani huku Uswidi, ipo siku mgongo utadai haki yake. Siku hiyo wengi wetu tunajua mambo mawili tu: kumpigia simu bosi, na kwamba kuanzia siku ya nane lazima uwe na cheti cha daktari. La tatu halisemwi sana, nalo lina pesa za serikali ndani yake.

Waajiri wengi wana mkataba na företagshälsovård, yaani huduma ya afya kazini. Hawa huangalia ugonjwa wako pamoja na kazi yenyewe: unanyanyua nini, umekaa vipi, ratiba yako ikoje. Mwajiri akiwalipa wachunguze, wapange na kufuatilia namna utakavyorudi, Försäkringskassan, shirika la serikali la bima ya jamii, humrudishia nusu ya gharama, mpaka kikomo fulani kwa mwaka. Mwombaji ni mwajiri. Wewe huwezi kuijaza hiyo fomu hata ukitaka, na kuna mabosi, hasa wa kampuni ndogo, ambao hawana habari nayo.

Basi mwambie wewe, tena kwa maandishi. Tangu Julai 2018, ikionekana utaumwa siku 60 au zaidi, sheria inamtaka mwajiri awe na mpango wa kukurudisha kazini kabla siku 30 hazijapita. Ujumbe mfupi unatosha: “Naomba tukutane tuandae mpango wangu wa kurudi kazini pamoja na företagshälsovård. Mnaweza kuomba mchango Försäkringskassan.”

Usione haya kuharakisha, maana kalenda haikusubiri. Siku 14 za mwanzo analipa mwajiri, kisha Försäkringskassan ndio wanaokulipa. Kwa siku 90 za kwanza swali lao ni kama unaweza kazi yako. Baada ya hapo wanauliza kama ipo kazi nyingine yoyote unayoiweza kwa mwajiri huyohuyo. Zikipita 180, kwa kawaida wanauliza kama unaweza kazi yoyote ya kawaida nchini, hata kwa mwajiri mwingine, na hapo ndipo watu hukatiwa malipo huku mgongo bado unauma. Mpango ulioandikwa mapema unaoonyesha utarudi lini ni ushahidi wako.

Si lazima urudi mzima mzima. Unaweza kupewa ruhusa ya ugonjwa ya robo, nusu au robo tatu ya muda wako, na ukafanya kazi sehemu iliyobaki. Wala usiogope kwamba daktari wa kazini atamsimulia bosi maradhi yako. Anabanwa na sheria ya kutunza siri.

Wenye mikataba ya saa ndio wenye mtihani, kwa sababu kazi ikiisha, wajibu wa mwajiri nao unaisha. Kama ni wewe, hifadhi ratiba na jumbe zote za kuitwa kazini, na uongee na chama chako cha wafanyakazi, Kommunal kwa mfano, kabla hujasaini chochote.