SOMO: Safari ndefu na karavani, mtoto kiti cha nyuma, barabara imejaa

Wakuu, msimu wa likizo unakaribia na maswali yanayoingia ni yale yale: tuondoke saa ngapi, tupumzike wapi, mtoto atavumilia vipi. Somo hili ni kwa anayekokota karavani (trela la kulala lisilo na injini) kwa gari la kawaida, akiwa na mtoto wa umri wa kati ya mwaka mmoja na miaka saba hivi. Mwenye gari la kulala lenye injini yake achukue yanayomhusu.

Niseme msimamo wangu mapema. Safari ya namna hii haipangwi kwa kilomita, inapangwa kwa ratiba ya mtoto. Foleni huwezi kuiondoa. Unachoweza ni kuamua ikukute mtoto akiwa amelala, akiwa ameshiba, au akiwa ameshashuka garini na anacheza.

Hatua ya 1: Chagua siku kabla ya kuchagua njia

Watu hukesha wakilinganisha njia mbili zinazopishana kwa robo saa, halafu wanaondoka Jumamosi saa 3 asubuhi. Jumamosi ndiyo siku mbaya kupita zote kwa sababu nyumba nyingi za likizo hupangishwa kwa wiki, Jumamosi hadi Jumamosi: wanaoingia na wanaotoka wote wako barabarani. Ijumaa jioni nayo ina waliotoka kazini moja kwa moja, wamechoka na wana haraka. Ukiweza kuondoka Jumanne au Jumatano, nusu ya somo hili hutalihitaji.

Ikishindikana, angalia Jumapili alfajiri. Ujerumani, kwa mfano, malori ya zaidi ya tani 7.5 hayaruhusiwi barabarani Jumapili mpaka saa 4 usiku, na anayekokota karavani anajua raha ya kutopitwa na lori. Ufaransa wana utabiri wa foleni uitwao Bison Futé, ulioanza 1976, unaozipaka siku rangi: kijani, chungwa, nyekundu na nyeusi. Rangi za kwenda na za kurudi hutolewa mbalimbali, kwa hiyo soma upande unaokuhusu. Siku nyeusi, ukiwa na mtoto na karavani, baki ulipo. Lipa usiku mmoja zaidi.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kweli

Ramani ya simu haijui kwamba unakokota kitu. Inakuhesabia kama gari tupu. Wakati huo huo sheria inakubana: Ujerumani karavani kikomo chake ni km 80 kwa saa, isipokuwa iwe na kibali cha 100, Uingereza ni maili 60 kwa saa kwenye barabara kuu, na kwenye barabara ya njia tatu au zaidi huruhusiwi kuingia njia ya kulia kabisa. Angalia sheria ya kila nchi utakayopita.

Kwenye msimu wa likizo mimi hukadiria wastani wa km 60 kwa saa, basi. Safari ya km 600, ambayo simu inasema masaa 6, inakuwa masaa 10 ya magurudumu kuzunguka. Ongeza mapumziko ya nusu saa kila baada ya masaa 2, unafika masaa 12. Mtoto wa miaka mitatu hakai masaa 12 kwenye kiti, na hata akikaa, kesho yake mtailipia wote.

Kwa hiyo gawanya. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, kikomo changu ni masaa 6 ya kuendesha kwa siku. Najua wapo watakaobisha kwamba wao huenda moja kwa moja. Sawa, ila muulizeni na yule aliyekaa nyuma na mtoto.

Hatua ya 3: Saa ya kuondoka

Saa 10 alfajiri. Mtoto anabebwa na usingizi wake, anafungwa mkanda, na mara nyingi analala tena masaa mawili au matatu. Ukihesabu masaa 6 ya kuendesha na mawili ya mapumziko, saa 6 mchana umeshaegesha. Foleni kubwa za likizo hukomaa kuanzia asubuhi iliyoiva mpaka jioni, na wewe uko kivulini.

Sharti lake ni moja na halina mjadala: dereva awe amelala mapema. Kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi mwili wa binadamu unataka usingizi, utake usitake. Kwa hiyo jioni ya kuamkia safari karavani iwe imeshafungwa kwenye gari, mizigo imeingia, na dereva yuko kitandani saa 3. Kama anajijua kwamba hawezi kulala saa hizo, ondokeni saa 12 asubuhi na mkubali kufika baadaye. Mwili hulegea tena mchana, kati ya saa 8 na saa 10, ambao ndio muda foleni inapokuwa nzito. Muda huo panga uwe umesimama.

Hatua ya 4: Uzito na matairi

Hapa msiruke, hata kama mnaona ni mambo ya fundi.

Vitu vizito, kama hema la mbele na makopo ya akiba, viwekwe chini sakafuni, juu au karibu na ekseli. Visiwekwe nyuma kabisa. Karavani yenye mkia mzito huanza kuyumba: kwanza kidogo, halafu inaivuta gari kushoto na kulia mpaka dereva anapoteza mamlaka. Uzito unaokaa kwenye mpira wa kukokotea (kile kichwa cha chuma cha mviringo nyuma ya gari) unatakiwa uwe kama asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa karavani ikiwa imepakiwa. Karavani ya kilo 1,300 ni kilo 65 hadi 91, lakini usipite kikomo kilichoandikwa kwenye gari wala kile cha mkono wa karavani unaoshika mpira huo. Kilicho kidogo ndicho sheria yako.

Ikianza kuyumba, toa mguu kwenye mafuta taratibu na ushike usukani unyooke. Usikimbize mkia kwa usukani, na usiongeze mwendo ukidhani itajinyoosha. Mteremko, upepo wa pembeni na lori linalokupita ndivyo vichochezi vikubwa, kwa hiyo punguza mwendo kabla mteremko haujaanza na uingize gia ndogo. Kumbukeni nguvu inayobebwa na mwendo hukua kwa kipeo cha pili: kutoka 80 hadi 100 si ongezeko la robo, ni zaidi ya nusu.

Matairi ya karavani huzeeka kabla ya kuisha kashata. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne mwishoni mwa alama ya DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likifika miaka mitano anza kulitilia shaka, likifika saba libadilishwe hata kama linang'aa. Upepo pima tairi likiwa baridi.

Mwisho, gesi ifungwe, na friji ipoozwe tangu jana yake. Ikiwa inatumia umeme wa gari, hutunza ubaridi uliopo, haitengenezi mpya.

Hatua ya 5: Mkoba wa mtoto uwe garini

Siyo kwenye karavani. Kwenye foleni ya barabara kuu huwezi kushuka kwenda kutafuta nepi. Weka mahali mtu mzima anapafikia bila kufungua mkanda: maji, chakula kisichochafua, nepi, nguo kamili za kubadilisha (za mtoto na fulana moja ya mzazi, mtanikumbuka akitapika), mifuko ya plastiki, taulo, blanketi jepesi na dawa zake. Kopo la maji la chuma au kompyuta mpakato vikiwa huru kwenye kiti huwa mawe pale unapopiga breki ya ghafla.

Kiti cha mtoto kikaguliwe jana yake. Kwa viti vya R129, yaani kanuni ya kimataifa ya usalama wa viti vya watoto, mtoto anatazama nyuma mpaka apite miezi 15, na ukiweza endelea hivyo zaidi.

Hatua ya 6: Vituo

Chagua vituo kabla ya kuondoka, na kila kituo kiwe na mbadala kabla yake, si baada yake. Sehemu za kupumzikia hujaa kuanzia saa 5 asubuhi, na gari yenye karavani haiingii nafasi ya gari dogo. Kwenye picha za setilaiti tafuta maegesho marefu ya kuingia mbele na kutokea mbele. Mafuta jaza asubuhi mapema au jana yake. Kukokota hunywa mafuta sana, na foleni ya pampu mchana ni adhabu. Kituo kizuri kina majani au uwanja. Mtoto akimbie. Kula anaweza kula garini.

Hatua ya 7: Mkishanaswa kwenye foleni

Acha nafasi kubwa mbele. Mlimani usiishikilie gari kwa klachi, utaiunguza. Tumia breki, subiri nafasi ifunguke, kisha sogea kwa mkupuo mmoja. Mtoto asifunguliwe mkanda kwa sababu "tunatembea polepole tu".

Ujerumani na Austria, foleni inapoanza kusimama, magari ya njia ya kushoto husogea kushoto na mengine yote kulia ili ambulensi ipite katikati. Wewe wa karavani anza mapema, magari yakiwa bado yanatambaa. Ukishasimama umegusana na wa mbele, huna tena pa kuisogezea.

Hatua ya 8: Kufika

Mwite mhudumu wa kambi kwa simu ukiwa umebakiza saa moja. Kambi nyingi hupokea wageni mchana na hufunga geti usiku. Mtu mzima mmoja aende na mtoto mbali, mwingine aegeshe. Kitanda cha mtoto kitandikwe kabla ya kitu kingine chochote.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Mtoto akilala, je, hawezi kulazwa kwenye kitanda cha karavani huku tunaenda? Mama yake atakaa naye.

Jibu: Marahaba. Hapana, wote wawili hapana. Nchi nyingi zinakataza, na hata pasipokatazwa, karavani haina mikanda, kuta zake ni nyepesi, na ikianza kuyumba wanaorushwa ni waliomo ndani. Alale kwenye kiti chake.

Swali: Mkuu, nimesoma kwingine kwamba uzito wa kwenye mpira uwe asilimia 10 hadi 15. Nani mkweli?

Jibu: Wote. Hiyo ya 10 hadi 15 ni ya Marekani, kwa matrela yao na ndoano zao. Magari mengi ya Ulaya yana kikomo cha mpira cha kilo 75 hadi 100, ukifuata asilimia 15 utakivuka. Soma kibandiko cha gari lako na cha karavani yako.

Swali: Wangu hutapika kila safari, hata ya nusu saa. Ana miaka minne.

Jibu: Pole dada. Umri huo ndio wenyewe; wengi hupunguza wakishavuka miaka kumi na miwili. Kinachosumbua ni macho kuona vitu vimetulia wakati masikio yanasikia mwendo. Kwa hiyo vitabu na skrini weka mbali, akae anapoona mbele kwa dirisha, hewa iingie, ale kidogo kidogo badala ya tumbo tupu au lililojaa. Dawa zipo, lakini umuone daktari kwanza, na uijaribu siku ya kawaida, si asubuhi ya safari.

Swali: Skrini unakataza kabisa?

Jibu: Kwa asiyetapika, hapana. Ila usiitoe saa ya kwanza. Ifiche mpaka foleni itakapokushinda, vinginevyo utakuwa umeshaitumia silaha yako kabla ya vita. Kabla ya hapo hadithi za kusikiliza zinafanya kazi nzuri, na zinamwacha atazame nje.

Swali: Kaka, nina mtoto wa miezi mitano. Masaa mawili kwa mapumziko yanatosha?

Jibu: Masaa mawili uyachukue kama mwisho kabisa. Mtoto mdogo hivyo asikae muda mrefu amejikunja kwenye kiti. Mtoe, mlaze chali, ajinyooshe. Na akilala kwenye kiti, gari likifika mhamishie kitandani, usimwache amalizie usingizi humo. Sihitaji kusema kwamba haachwi garini peke yake hata dakika mbili za kulipia mafuta, jua likiwa kali joto hupanda upesi sana.

Swali: Nasafiri peke yangu na mwanangu wa miaka mitatu. Nitarudishaje karavani nyuma bila mtu wa kunielekeza, na mtoto nimuweke wapi?

Jibu: Mtoto abaki kwenye kiti chake, mkanda umefungwa, mpaka uzime injini na kuvuta breki ya mkono ya karavani. Usimwache asimame nje "pale pembeni", kwa sababu karavani ina upande usiouona hata kwa vioo virefu. Rudi kidogo, simama, shuka uangalie, panda tena, hakuna anayekuhesabia. Ila dawa yenyewe ni kuomba nafasi ya kuingilia mbele na kutokea mbele, kambi nyingi wanazo chache. Iombe siku unayoweka nafasi, siyo ukiwa umeshafika getini.