Somo: Saplaya akituma akaunti mpya ya benki, fanya haya kabla ya kulipa

Wakuu, somo hili ni la wanaoagiza mzigo nje na kulipa kwa TT (kutuma fedha benki kwa benki): vigae vya Foshan na vitu vya dukani vya Yiwu, huko China, magari ya Japani, simu za Dubai. Utapeli wa biashara hii uko wa aina nyingi. Leo nashika mmoja, ule unaompiga hata mwenye saplaya wa kweli aliyefanya naye kazi miaka.

Umelipa kianzio cha asilimia 30, mzigo umekamilika, imebaki 70. Inaingia imeili: "Akaunti yetu iko kwenye ukaguzi wa kodi. Salio lipeni kwenye akaunti hii ya kampuni yetu tanzu, mtutumie risiti leo ili mzigo uwahi meli ya Ijumaa." Kiasi ni kilekile, namba ya oda ni ileile, muhuri upo. Unalipa. Baada ya siku kadhaa saplaya mwenyewe anakupigia kuuliza salio lake liko wapi.

Mwizi hakubahatisha. Mara nyingi alishaingia kwenye sanduku la imeili, lako au la saplaya, akakaa kimya anasoma mpaka siku ya malipo ikakaribia.

Hatua ya 1: Akaunti iandikwe kwenye mkataba kabla ya kianzio. Jina la mpokeaji, benki, namba ya akaunti, msimbo wa SWIFT (utambulisho wa benki kimataifa). Ongeza sharti moja: akaunti haibadiliki kwa imeili, na badiliko lolote lisilothibitishwa kwa simu halina nguvu. Andika pia namba ya simu ya mhusika wa fedha. Saplaya wa kweli hakatai sharti hili, maana naye linamlinda.

Hatua ya 2: Soma anwani herufi kwa herufi. Herufi r na n zikibanana zinasomeka kama m, hasa kwenye simu. L ndogo na tarakimu 1 ni hivyohivyo. Programu nyingi za simu huonyesha jina la mtumaji tu, kwa hiyo ligonge jina hilo anwani ifunguke. Halafu usiridhike mapema: kama mwizi yuko ndani ya sanduku la saplaya, barua itatoka kwenye anwani sahihi kabisa, ikiendeleza mazungumzo yenu yaleyale. Hapa ndipo watu makini wanapopigwa.

Hatua ya 3: Isome akaunti yenyewe. Msimbo wa SWIFT una herufi na tarakimu 8 au 11. Ya tano na ya sita ni nchi: CN China, HK Hong Kong, JP Japani, AE Falme za Kiarabu. Kiwanda kiko Foshan na msimbo unasema PL (Poland) au GB (Uingereza)? Simama hapo. China na Japani hazitumii IBAN (namba ndefu ya akaunti inayoanza na herufi mbili za nchi), hivyo "kiwanda cha Guangzhou" kikikupa IBAN, ujue akaunti iko nchi nyingine. Na usitegemee benki ikuokoe kwa kulinganisha jina. Malipo ya kimataifa mara nyingi huingizwa kwa kufuata namba, jina likapita bila kuulizwa.

Hatua ya 4: Piga simu. Ukiwa na nafasi ya kufanya hatua moja tu, fanya hii. Namba itoke kwenye mkataba, kwenye kadi uliyopewa kwenye maonyesho, au kwenye oda ya zamani. Usiitoe kwenye imeili iliyoleta akaunti mpya, kwa sababu namba ya chini ya barua hiyo inaweza kupokelewa na mwizi mwenyewe. Usimsomee namba ya akaunti akubali kwa "ndiyo, ndiyo". Mwambie akusomee yeye, nawe ulinganishe. Piga asubuhi: saa 3 ya Dar ni saa 8 mchana China, na ikifika saa 6 huku, kule ni saa 11 jioni, wahasibu wanafunga ofisi. Usipompata, malipo yalale mpaka kesho. Meli nyingine ipo.

Hatua ya 5: Funga mlango wako. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye imeili. Kisha fungua mipangilio, uangalie vichujio na sehemu ya kuhamisha barua. Wezi huweka humo kanuni ya kuficha barua za saplaya usizione. Ukikuta usiyoiweka wewe, ifute na ubadilishe nenosiri.

MASWALI

Mwanza: Mkuu, saplaya wangu yuko Foshan lakini siku zote nalipa Hong Kong. Nimeibiwa?

Hapana, kaka. Viwanda vingi vina kampuni Hong Kong ya kupokelea dola. Muhimu akaunti iwe imetajwa tangu mkataba wa kwanza. Hong Kong inayochomoza katikati ya oda ndiyo ya kupigia simu. Akaunti ya mtu binafsi mimi silipi kabisa.

Kariakoo: Je, nikituma dola 100 kwanza kujaribu?

Inasaidia endapo saplaya atathibitisha kwa simu kwamba zimemfikia. Ukiuliza kwa imeili, mwizi atajibu "tumepokea, asante", na hatakuwa amedanganya, dada yangu.

Mombasa: Siku hizi hata sauti na sura zinaigwa. Simu inatosha?

Ni kweli. Mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup huko Hong Kong alituma takriban dola milioni 25 za Marekani baada ya mkutano wa video na "wakubwa" bandia. Kampuni ilithibitisha mwaka 2024. Ndiyo maana nasema upige wewe, kwa namba ya zamani. Simu uliyopigiwa haihesabiki.

Mbeya: LC (hati ya benki inayoahidi kumlipa saplaya akileta nyaraka za mzigo) haimalizi haya yote?

Kwa oda kubwa, ndiyo kwa sehemu kubwa, maana benki hulipa kwa nyaraka kupitia benki mwenzake. Kwa mzigo wa dola elfu tano, gharama na usumbufu haviendani.

Lubumbashi: Mzigo wangu unapitia Dar. Nimeshatuma jana jioni, leo ndiyo nimegundua. Nifanye nini?

Acha kusoma, nenda benki sasa hivi. Sema ni utapeli, waombe warudishe malipo na waiarifu benki iliyopokea izuie fedha. Chukua nakala ya muamala (wengi bado wanaiita MT103) na namba yake ya ufuatiliaji, UETR. Ripoti polisi siku hiyohiyo, mjulishe saplaya kwa simu, na usifute imeili hata moja. Julai 2024 kampuni moja ya Singapore ilituma dola milioni 42.3 kwenye akaunti ya Timor-Leste kwa ujanja huuhuu, ikagundua baada ya siku nne. Polisi wa nchi hizo mbili, kupitia INTERPOL, walizikuta dola milioni 39 bado zimo na kuzizuia.

Lubumbashi: Na saplaya anasema bado ananidai!

Kwa kawaida atadai, maana fedha hazijamfikia. Chunguzeni kwanza sanduku la nani liliingiwa. Likiwa la kwake, una hoja ya kuomba mgawane hasara, na lile sharti la hatua ya kwanza ndilo mtakalosoma mezani.