Somo: Kuchagua UPS ya Mashine za Maabara

Ndugu wanachama, kabla hujaulizia dukani bei ya UPS (kifaa chenye betri kinachoendeleza umeme ukikatika), simama mbele ya mashine yako ujiulize: umeme ukikatika sasa hivi, ni kitu gani kitaharibika? Mashine ya PCR (ya kuzidisha nakala za DNA) iliyo katikati ya kazi itakupotezea sampuli na kemikali zote, ilhali spektrofotometa (kipima mwanga unaopita kwenye sampuli) itahitaji tu dakika chache za kupasha taa upya. Hizo mbili hazistahili ulinzi wa gharama moja.

Hatua ya kwanza ni ethi, yaani njia ya kupeleka umeme uliopotea ardhini, ambayo wengi huiacha iwe ya mwisho. Hapa Mwanza majengo mengi yamekaa juu ya majabali, na fundi anayepigilia nondo ya ethi hugonga mwamba kabla haijazama nusu mita, akaikata iliyobaki na kufukia. Katika maabara moja ya mlimani nilipima kati ya nyutro (waya wa kurudishia umeme) na ethi nikakuta volti 11, wakati mashine ilitaka zisizidi 2. Majibu yalikuwa yakirukaruka na lawama zote akatupiwa mtumiaji. Tulichimba mtaro mrefu, tukalaza waya wa shaba usio na ganda kwenye udongo wenye unyevu, tatizo likaisha. Hata kizuia radi cha kwenye bodi kuu hakina pa kuutupa umeme wa radi kama ethi ni ya jina tu, na radi za ziwani mnazijua.

Hatua ya pili, jumlisha mzigo. Mashine ya wati 600 na kompyuta yake ya wati 150 ni wati 750. UPS huuzwa kwa VA (volti mara ampea), kwa hiyo gawa kwa 0.8, uwiano wa wati kwa VA, upate kama 940, ongeza robo ya akiba, utafika karibu 1,200. Nunua ya 1,500. Printa ya leza isiguse UPS hiyo.

Hatua ya tatu ni aina. UPS ya bei nafuu hukaa ikisubiri, na huchukua milisekunde kadhaa kuhamia kwenye betri. Kompyuta huvumilia hilo. Ya pili hurekebisha pia volti zinazopanda na kushuka. Ya tatu, ya onlaini, huugeuza umeme wote kuwa wa DC, kama ule wa betri, kisha huurudisha kuwa AC ukiwa safi, bila pengo lolote, nayo ndiyo ninayoishauri kwa PCR na kwa mashine zenye pampu za vakyumu.

Muda wa betri utegemee jenereta yako: ikiwaka ndani ya dakika moja, dakika 10 zinatosha. Betri iwekwe penye hewa, kwa kuwa kila nyuzi joto 10 zinazozidi 25 hupunguza umri wake takriban nusu.

Maswali ya wanachama

*Sengerema: Shikamoo mwalimu. Je, friji ya vitendanishi niiunganishe humo humo?*

Marahaba. Hapana. Kompresa ikianza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, na UPS itajizima pamoja na mashine yako. Friji ipe kifaa cha kulinda volti chenye kuchelewesha kuwaka, na mlango usifunguliwe hadi jenereta iwake.

*Magu: Tuna inveta ya sola. Haitoshi?*

Inategemea mawimbi yake. Zile za bei ya chini hutoa mawimbi ya ngazi ngazi, yanayoweza kuchemsha transfoma na kuvuruga vipimo. Soma kibandiko, kama hakisemi kuwa ni sine safi (mawimbi laini yasiyo na ngazi), usiunganishe.

*Nyegezi: Jenereta ikiwaka, UPS yetu inaendelea kupiga mlio hadi betri inaisha. Ni mbovu?*

Huenda ni nzima. Niliwahi kuitwa kwa tatizo kama hilo hilo. Nilipopima, jenereta ilikuwa inatoa hezi 46 (idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde) badala ya 50, na UPS ilikuwa inaukataa umeme huo kama ilivyoagizwa. Mwite fundi arekebishe kasi ya injini kwanza, ikiwa na mzigo juu yake, ndipo uangalie kama mpangilio wa UPS unaruhusu upana zaidi kidogo.