Kupiga na kuchapa picha kubwa ya Bismarck Rock, Mwanza

Bismarck Rock ni jiwe lililo ndani ya Ziwa Victoria, karibu na ufuko. Kwa kamera ya filamu ya inchi 4 kwa 5, lenzi ya milimita 150 inatosha. Simamisha stendi juu ya mwamba wa ufukoni, kamwe si mchangani: mawimbi hulegeza mchanga na picha hutetereka.

Kwenye kioo cha nyuma ya kamera picha huonekana juu chini. Ni msaada mkubwa, maana unaona mpangilio wa maumbo kabla ya kuona jiwe. Acha maji yaonekane kati ya jiwe na ufuko, la sivyo vitagandana. Inamisha lenzi mbele digrii chache tu ili maji ya karibu na ya mbali yawe makali. Ukizidisha, kilele cha jiwe kitafifia. Kisha punguza tundu la lenzi hadi f/22. Kwenye f/45, tundu dogo zaidi, ukali huanza kupungua.

Skani ya filamu kwa dpi 2400 (nukta kwa inchi) hutoa pikseli 9,600 kwa 12,000, yaani chapa ya sentimita 81 kwa 102 kwa dpi 300. Chapa kwanza kipande kidogo chenye mng'ao wa maji, kwenye karatasi ileile, kikauke usiku kucha. Mng'ao usio na wino kabisa huonekana kama tundu kwenye karatasi. Ushushe uwe kijivu hafifu.