Umeokota paka jike na hujui ana mimba au hana? Anza hivi kabla tumbo halijakuamulia

Jamani naandika hii kwa wale mnalisha paka hapo nyuma ya jikoni, akazoea, siku moja akaingia akalala kwenye kiti na saa hii ni wenu. Wangu alikuwa anashinda kwa muuza rolex (chapati ya kuviringishwa na mayai) hapa mtaani kwetu Kampala, mwembamba mbavu unazihesabu, nikamchukua, wiki ya tatu naona tumbo linajaa nikafurahi sana nikasema mukene wangu, hawa dagaa wetu, umemkubali. Kumbe ilikuwa mimba na ilikuwa imeshaenda mbali. Kwaiyo kama ni jike na ametoka nje, mchukulie ana mimba mpaka daktari akwambie hana, na mpeleke wiki hiyohiyo ya kwanza, manake kila wiki unayongoja inakupunguzia la kuchagua.

Usidanganyike na udogo wake. Paka wa miezi minne tu anaweza kushika mimba, wewe bado unamuona mtoto. Afu kuna jambo la huku kwetu watu hawalifikirii: joto la paka jike, yaani kile kipindi anachotaka dume, linafuata urefu wa mchana, kule Ulaya mchana ukifupika wanapumzika miezi kadhaa, lakini sisi ikweta inapita hapo Kayabwe barabara ya Masaka, mchana ni karibu masaa 12 mwaka mzima, paka wetu hana msimu wa kupumzika. Anazaa, ananyonyesha, na wiki chache tu baadae anashika nyingine watoto bado wananyonya. Huyo mwili wake unaisha.

Siku anaingia ndani andika tarehe ukutani. Mimba ya paka ni siku 63 mpaka 65 hivi, wachache wanafika 70. Kama tangu siku hiyo hajatoka kabisa na hakuna dume aliyemfikia, siku 70 zikipita hajazaa basi hakuja na mimba. Na kutoka namaanisha hata dirishani, ile wavu ya mbu paka mwenye joto anaichana kwa kucha.

Dalili ya mapema ni chuchu. Karibu wiki ya 3 zinakuwa pinki, zinasimama, manyoya yanayozizunguka yanapungua. Tumbo lenyewe utaliona wiki ya 5 hivi, na hapo ndo watu wanachanganyikiwa kwa sababu minyoo pia inajaza tumbo la paka wa mtaani, mgongo mkavu tumbo mpira. Usimbonyeze kutafuta watoto, utawaumiza. Daktari ana mkono wake uliozoea, na skani inaonyesha kuanzia wiki ya 3 au ya 4. Kama tumbo limejaa lakini hali chakula, anakunywa maji sana na anatoa uchafu unaonuka huko nyuma, usingoje kesho, hiyo inaweza kuwa usaha ndani ya kizazi na inaua. Kabla hajachomwa sindano yoyote mwambie daktari kwamba huenda ana mimba, kuna chanjo hazipewi mwenye mimba, zinaharibu ubongo wa watoto tumboni. Lakini ya kichaa cha mbwa muulize aipate lini, manake paka pia wanakipata na wanatuambukiza.

Daktari yupi sasa? Wengi wa mifugo wamezoea ng'ombe na mbuzi, kwa operesheni ya paka tafuta anayefanya wanyama wadogo mara kwa mara. Kampala unaweza kuanzia kliniki ya wanyama wadogo ya Makerere, ukiwa mbali nenda ofisi ya daktari wa mifugo wa wilaya uulize nani hapo anafunga paka kizazi. Uliza bei kabla, na uliza kama inabadilika wakimkuta na mimba.

Tukija kwenye uamuzi. Kumfunga kizazi wanatoa vifuko vya mayai na mara nyingi kizazi chote, na inawezekana hata akiwa na mimba, watoto hawaendelei. Najua hilo linauma kulisema, kuna watu dini au roho yao haikubali na siwalaumu. Mimi mwenyewe mimba ikiwa changa ningemfunga, kwa sababu naona vitoto kwenye maboksi pale sokoni na najua vinaishia wapi. Ikiwa imeenda mbali mishipa ya damu imenenepa, hatari inaongezeka, basi msikilize daktari. Wangu alikuwa karibu kuzaa tukamwacha akazaa wanne. Ila kuna mahali niliambiwa eti lazima azae mara moja kwanza ndo awe na afya, hiyo si kweli hata kidogo, paka akifungwa kabla ya miezi 6 hatari ya kansa ya maziwa inashuka sana. Na vidonge vya wanawake vya kuzuia mimba usimpe, vinaleta huo usaha na hizo kansa.

Ukimwacha azae, boksi lenye nguo kuukuu kwenye kona ya giza, chakula kingi, mukene wa kuchemsha bila chumvi. Akisukuma kwa nguvu nusu saa hakuna mtoto, piga simu kwa daktari, usimvute mtoto mwenyewe. Mfungie ndani muda wote wa kunyonyesha, afu mama mfunge kizazi watoto wakianza kula wenyewe na maziwa yamekauka, wangu walikuwa na wiki 10 hivi.

Siku ya operesheni asile asubuhi, fuata masaa utakayopewa na kliniki. Kwenye boda mbebe kwa kikapu chenye mfuniko umefunga na leso, usimshike mikononi, pikipiki ikipiga honi ataruka barabarani. Akirudi ni usingizi, mweke sehemu ya joto chini, sio juu ya kitanda. Asirambe kidonda siku 10 mpaka 14, mimi nilikata fulana ya mtoto mchanga nikamvalisha na ilishika vizuri. Panadol kamwe, hata nusu, inaua paka, dawa ya maumivu ni ile ya daktari tu. Ukiona usaha, kidonda kimeachia, au siku nzima imepita hajagusa chakula, mrudishe.

Na vile vitoto usivigawe kabla ya wiki 8. Anayechukua jike, hesabuni pamoja lini anafika miezi minne ili afungwe kizazi, muandikie hiyo tarehe kwenye simu yake mkiwa bado mmesimama hapo mlangoni, nawe iandike kwako umpigie.