Betri ya pili kwenye gari la kulala: mambo ya kuzingatia kabla ya msimu

Mwezi wa tano, masika yanapoanza kukatika na magari mengi ya Arusha bado yako yadi, ndipo betri ya nyuma inapotakiwa kushughulikiwa. Juni ikiingia, fundi waya hana muda na wewe, na betri iliyochoka haitakuonyesha lolote mpaka usiku wa pili Seronera, ndani ya Serengeti, nyama ya wageni ikiwa imeanza kutoa maji. Ninaowalenga ni wenye magari ya kulala humo humo: Land Cruiser yenye hema juu ya paa, HiAce iliyotolewa viti ikawekwa kitanda, Noah ya familia inayokwenda Tarangire wikiendi. Gari la namna hii linahitaji betri mbili, moja ya kuwasha injini na nyingine ya friji, taa na simu, na injini ikizimwa hizo mbili zisiwe na mawasiliano yoyote.

Kabla ya kwenda dukani, kaa chini upige hesabu kwenye karatasi. Wengi hununua kwa kuangalia nafasi iliyopo nyuma ya kiti, kisha lawama zote anabebeshwa muuzaji. Friji ya lita 50 kompresa ikizunguka hula kama wati 45, na kwenye joto huweza kuzunguka nusu ya siku nzima. Wati 45 kwa saa 12 ni wati-saa 540. Gawa kwa volti 12 upate ampea-saa 45, kipimo kinachotaja umeme ambao betri inabeba. Taa tatu za LED za wati 5 zikiwaka saa nne ni ampea-saa 5. Simu nne, betri za kamera na laptop moja, weka 10. Jumla ni 60 kwa siku, na kama unakaa kambi moja siku mbili bila gari kutembea, ni 120.

Hiyo 120 si ukubwa wa betri utakayonunua. Betri ya asidi, iwe ya maji au kavu (iliyofungwa, isiyoongezwa maji), ukitaka idumu usiitumie kupita nusu yake, kwa hiyo utahitaji ya ampea-saa 240. Betri ya lithiamu, ile aina ya fosfeti ya chuma, inavumilia kutumiwa asilimia 80, hivyo 150 inatosha. Pima na uzito: betri mbili kavu za ampea-saa 120 zinapita kilo 60, wakati lithiamu ya 150 haifiki kilo 20. Kwa gari ambalo tayari limebeba hema, maji, dizeli ya akiba na magurudumu mawili ya spea, tofauti hiyo inaonekana kwenye springi.

Kwa maoni yangu, anayelala kila siku mahali tofauti na kuendesha saa nne au tano mchana hana haja ya kujitesa na bei ya lithiamu. Betri kavu moja nzuri ya ampea-saa 100 itamtosha, kwa sababu njia inaijaza. Anayekwenda Katavi au Ruaha kukaa siku tatu chini ya mti, yeye anunue lithiamu, mradi anunue na chaja yake. Lithiamu iliyofungwa kwenye chaja isiyo yake ni hasara kuliko betri ya asidi inayochajiwa vizuri.

Betri ya kawaida ya gari usiiweke nyuma, hata ukipewa bure. Sahani zake ni nyembamba ili itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache za kupiga stata. Ukiifanyisha kazi ya kulisha friji usiku kucha, kila asubuhi unaipunguzia maisha. Unayotaka ni ile ambayo madukani wanaiita betri ya sola, yenye sahani nene. Ukifika dukani, inyanyue. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 huwa na kilo 27 hadi 32. Ikiwa na kilo 18, namba iliyoandikwa ubavuni ni ya uongo. Omba mita uipime: mpya iliyotunzwa husoma volti 12.6 au zaidi, na ikisoma chini ya 12.4 ujue imekaa rafu muda mrefu bila kuchajiwa. Tazama na tarehe ya kutengenezwa.

Ukiifikisha nyumbani, ijaribu kabla haijaingia kwenye gari. Ichaji ijae, iache ipumzike saa kadhaa, halafu ifunge balbu ya taa kubwa ya gari ya wati 55. Balbu hiyo hula karibu ampea 4.6, kwa hiyo ikiwaka saa 11 imekula ampea-saa 50, nusu ya betri ya 100. Ivue, subiri saa mbili, pima. Ikisoma 12.1 au 12.2, umenunua ulichoambiwa. Ikishuka 11.8, rudisha betri dukani risiti ikiwa bado mkononi. Kipimo hiki ni cha betri za asidi. Lithiamu volti zake karibu hazisogei kuanzia ikijaa mpaka ikaribie kuisha, hivyo mita ya kawaida itakudanganya. Ifungie mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Kinachoua betri nyingi za nyuma ni chaji isiyofika. Betri ya asidi inataka volti 14.4 au zaidi kidogo ili ijae kabisa. Tuseme altaneta, jenereta inayozungushwa na injini, inatoa 14.4 kule mbele, na fundi amekuvutia waya wa milimita za mraba 6 wenye urefu wa mita tano kwenda na tano kurudi. Zikipita ampea 30, waya huo peke yake unameza karibu volti 0.9. Nyuma inafika 13.5. Betri itachaji, taa ya kijani itawaka, nawe utaamini imejaa, kumbe kila siku inabaki na upungufu. Waya wa milimita 16 kwa safari ile ile hupoteza volti 0.3 tu. Ukipunguza gharama, punguza kwingine, lakini si kwenye waya huu. Na kila ncha yake inayogusa betri iwe na fyuzi karibu kabisa na betri, kwa sababu waya mnene ukichunika na kugusa bodi ya gari huwasha moto papo hapo.

Kwa betri ya asidi na gari la zamani, relei inayounganisha betri mbili injini ikiwaka inatosha. Kwa lithiamu, au kwa gari jipya ambalo kompyuta yake hushusha volti za altaneta ili kubana mafuta, weka chaja ya kati, inayopokea umeme wa altaneta na kuupandisha kiwango ambacho betri ya nyuma inakitaka. Lithiamu ikiunganishwa moja kwa moja huvuta ampea nyingi mno, na altaneta ikifanya hivyo huku gari linatambaa polepole kutafuta chui, inapata moto hadi kuungua. Hakiki pia mfumo wa gari lenyewe: Coaster nyingi za dizeli ni volti 24, na chaja ya 12 humo ni kuitupa.

Ukiwa na nafasi kwenye paa, paneli ya wati 200 ikilala bapa inatufaa sana huku karibu na ikweta, kwani jua la saa sita liko karibu na utosini. Siku njema itakupa ampea-saa 50 na ushee, yaani karibu matumizi yako yote. Ila vumbi la njia ya Naabi, lango la Serengeti, likikaa juu yake, au ukiegesha chini ya mgunga kwa ajili ya kivuli, hesabu hiyo inaporomoka. Ifute kila asubuhi kabla ya kutoka.

Mahali pa kuiweka pana uzito wake. Trei ya pili chini ya boneti ni rahisi kwa fundi, lakini joto la injini ni adui: betri ya asidi hupoteza kama nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 juu ya 25. Iweke nyuma, chini, ndani ya fremu ya chuma iliyofungwa kwa bolti kwenye sakafu, na mpira chini yake. Yale mawimbi ya barabara ya vumbi hulegeza nati zote, kwa hiyo zikaze tena baada ya safari ya kwanza. Ikiwa ni ya maji, isikae mnapolala bila boksi lenye bomba la kutolea hewa nje, maana ikichaji hutoa haidrojeni.

Ya maji ifungue vifuniko kila mwezi. Unataka kuona maji yamefunika sahani kwa kiasi cha sentimita moja. Yakipungua, ongeza maji ya betri yasiyo na asidi, na uongeze baada ya kuchaji, siyo kabla, yasije yakafurika. Asidi haipungui kwa mvuke, kinachopotea ni maji. Anayeongeza asidi anakula sahani. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri uoshe kwa maji yaliyokorogwa magadi, suuza, kausha, kisha paka grisi.

Halafu ipo ile miezi ya gari kusimama. Aprili nzima friji imezimwa, lakini redio, alamu na kifaa cha kufuatilia gari vinaendelea kunyonya kidogo kidogo. Betri ya asidi ikikaa nusu tupu, sahani zinaganda salfeti ngumu na chaja haiirudishi tena. Vua waya wa hasi, na kila mwezi ichaji ijae. Lithiamu hupenda kinyume: iache kwenye nusu, uikate kabisa na kila kitu, uipime mara moja moja.

Ikifikia mwisho wake, betri ya asidi usimpe anayeipasua uani na kumwaga asidi chini. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, watoto waliathirika kwa sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Irudishe nzima, na asidi yake ndani, dukani unakonunua mpya. Yapo maduka yanayoipokea na kukupunguzia bei, basi ulizia hilo kabla hujatoa pesa.