Kupima umri wa mashapo ya bahari kwa strontiamu iliyomo kwenye kombe la chaza

Kombe la chaza lililonasa ndani ya mwamba linaweza kukutajia umri wa tabaka zima, ilimradi maji ya ardhini hayajalibadilisha. Strontiamu, elementi inayofanana na kalsiamu, hukaa baharini mamilioni ya miaka, ilhali bahari zote za dunia huchanganyika kwa kiasi cha miaka elfu moja hivi. Ndiyo maana chaza wa Pemba na chaza wa Ufaransa walioishi zama moja walijenga makombe yenye uwiano uleule wa strontiamu-87 kwa strontiamu-86, yaani aina mbili za atomi za strontiamu zinazotofautiana uzito. Leo uwiano huo ni 0.7092. Mwanzoni mwa zama za Miosini, miaka milioni 23 iliyopita, ulikuwa karibu 0.7083.

1. Hakikisha njia hii inalifaa tabaka lako. Kwa Oligosini (zama zilizotangulia Miosini) na Miosini inafaa sana, kwa sababu uwiano ulikuwa ukipanda mfululizo. Katika sehemu kubwa ya Eosini, zama zilizotangulia Oligosini, haukusogea sana, hivyo kwa udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na Lindi wa zama hizo ni bora utegemee visukuku vya foraminifera (viumbe vidogo vya baharini vya seli moja vyenye gamba): kutoweka kwa jamii ya Hantkenina ndiko kunakoonyesha mwisho wa Eosini, miaka milioni 33.9 iliyopita. Mawe ya matumbawe ya ufukweni yenye umri wa miaka 125,000 hivi nayo ni machanga mno kwa strontiamu. Hayo yapimwe kwa urani na thori.

2. Chagua kombe. Hapa usiwe na haraka, kwani hakuna mashine itakayokurekebishia kombe bovu. Tafuta chaza au skalopu (kombe lenye umbo la upepeo), ambao makombe yao ni ya kalsiti yenye magnesi kidogo, aina thabiti ya madini ya chokaa. Makombe ya aragoniti, aina nyingine ya madini hayo, hubadilika upesi yakiwa ardhini. Vunja kipande ukitazame penye mwanga: kombe ambalo halijabadilika lina kurasa nyembamba zilizopangana, zenye mng'ao, na ukizikwangua kwa ncha ya sindano hubanduka moja moja. Ukiona sehemu nyeupe kama chaki, au fuwele kubwa zilizojaza matundu, ziache. Kisha peleka kipande kwenye hadubini ya elektroni, na upime manganisi na chuma. Vikiwa vingi, maji ya ardhini yameshapita humo. Binafsi kombe la namna hiyo silipimi, hata kama ndilo pekee nililolipata.

3. Chukua unga na uusafishe. Tumia keekee ndogo kama ya daktari wa meno, kwa mwendo wa taratibu ili kombe lisipate joto. Miligramu chache zinatosha. Suuza kwa maji safi kabisa, kisha yeyusha kwa asidi asetiki hafifu. Asidi kali itayeyusha pia chembe za udongo, na udongo una strontiamu-87 ya ziada iliyotokana na rubidiamu, elementi nyingine. Zungusha kwenye sentrifuji, chukua maji ya juu, acha mashapo yaliyotuama chini.

4. Tenga strontiamu. Kausha, yeyusha upya kwa asidi ya naitriki, pitisha kwenye rezini maalumu. Kalsiamu na rubidiamu hupita, strontiamu hunasa. Itoe kwa maji safi. Rubidiamu lazima iishe, kwa sababu rubidiamu-87 ina takriban uzito uleule wa strontiamu-87 na mashine haiwezi kuzitofautisha.

5. Pima. Spektromita ya tungamo, mashine inayotenganisha atomi kwa uzito wake, itakupa uwiano, ukisawazishwa kwa uwiano wa strontiamu-86 kwa strontiamu-88 wa 0.1194. Pima sampuli ya kiwango SRM 987 siku hiyohiyo. Thamani yake ikitofautiana na 0.710248, sogeza majibu yako yote kwa tofauti hiyo.

6. Soma umri. Tumia jedwali la McArthur na wenzake, linalooanisha uwiano na umri. Uwiano wa 0.7085 huangukia Miosini ya mapema, karibu miaka milioni 18. Ila uwiano huohuo bahari iliwahi kuwa nao pia katika zama za kale zaidi, kwa hiyo visukuku vya tabaka lako ndivyo vitakavyokuambia usome sehemu ipi ya jedwali.

Pima angalau makombe matatu ya tabaka moja. Mawili yakikubaliana na la tatu likatoa umri mkubwa zaidi, chunguza kama halikung'olewa na mawimbi kutoka tabaka la chini. Katika ripoti andika thamani ya SRM 987 uliyopata na toleo la jedwali ulilotumia, maana umri hubadilika kila jedwali linaporekebishwa.